Waliokufa kwa Jina la Bwana: Askari wa Kivuli wa Japani

Habari za huko nyumbani, ndugu zangu. Wazee mnaotazama, shikamooni. Vijana, mambo vipi. Leo nipo Kofu, makao makuu ya mkoa wa Yamanashi, kama saa moja na nusu kwa treni ya haraka kutoka Shinjuku, Tokyo. Hapa ni mbele ya stesheni. Ngoja nisogee pembeni muone vizuri. Mnamwona huyo mzee wa shaba aliyeketi nyuma yangu, amevaa deraya, kofia ya vita yenye manyoya, mkononi ameshika pepeo la kuongozea jeshi? Huyo ndiye Takeda Shingen, bwana wa Kai, na Kai ndilo jina la zamani la mkoa huu.

Nimemfuata Shingen kwa sababu ya Naruto, ile katuni ya Kijapani ya ninja. Najua vijana wengi huko kwetu wameijua Japani kupitia Naruto, na kila mmoja ana hamu ya ile mbinu ya kujigawa vivuli: mtu mmoja anakuwa kumi, adui anapiga huyu, anapiga yule, na kila nakala ikipigwa inatoweka kwa moshi. Nami naipenda. Ila nataka leo tuongee habari za watu waliofanya kazi hiyo kwelikweli katika nchi hii, na wao hawakuwa na moshi wa kutowekea. Mshale ulipofika uliingia mwilini. Wajapani wanawaita kagemusha, yaani askari wa kivuli.

Kwanza mjiulize swali ambalo lilinisumbua sana: mtu atamdanganyaje adui kwamba yeye ndiye bwana fulani, wakati sura ni sura? Jibu ni kwamba katika karne ya 16, zama ambazo mabwana wa Japani walipigana bila kupumzika, ni wachache mno walioijua sura ya bwana. Picha hakuna. Askari wa kawaida alimwona bwana wake kwa mbali, yuko juu ya farasi, au yuko nyuma ya mapazia ya kambi. Alichokijua ni bendera, rangi ya deraya, umbo la kofia na farasi anayempanda. Ni kama sisi tunavyojua mkubwa anapita: tunauona msafara wa magari, tunasimama pembeni, na sura yenyewe hatujaiona. Kwa hiyo ukivaa kofia yake na ukapanda farasi wake, umekwisha kuwa yeye, angalau mpaka mtu akusogelee.

Na hata huyu Shingen wa nyuma yangu, sura yake ina utata. Kuna mchoro mashuhuri wa Hasegawa Tohaku, unatunzwa katika hekalu la Seikei-in kule mlima Koya: mtu mnene, masharubu, ndege wa kuwindia pembeni yake. Vizazi vimekua vikiambiwa huyo ndiye Shingen, na umbo hilo la mzee mnene ndilo walilo nalo watu kichwani hadi leo. Sasa watafiti wengi wana mashaka. Nembo inayoonekana kwenye mchoro ule si zile almasi nne za ukoo wa Takeda. Huenda ni bwana mwingine kabisa. Yaani mtu aliyefichwa nyuma ya vivuli alipokuwa akifa, bado yuko nyuma ya kivuli.

Haya, tuingie kwenye kisa chenyewe. Mwaka 1573 Shingen alikuwa katikati ya safari kubwa ya vita kuelekea magharibi, na watu walimwogopa kuliko mtu yeyote nchini. Akaugua. Jeshi likageuza kurudi nyumbani, na mwezi Mei akafia njiani, kwenye milima ya Shinano. Kumbukumbu za ukoo wake, Koyo Gunkan, zinasimulia kwamba kabla ya kukata roho aliagiza kifo chake kifichwe kwa miaka mitatu, na kwamba alikuwa amekwisha kuandaa karatasi tupu zaidi ya 800 zilizotiwa sahihi yake, ili barua ziendelee kutoka kwa jina lake. Hebu fikirini mzee mgonjwa ameketi na wino wake anaweka sahihi kwenye karatasi tupu, moja baada ya nyingine, anaandika barua ambazo hatazijua zitasema nini.

Barua zikapatikana. Mwili je? Shingen alikuwa na mdogo wake, Nobukado, wa baba mmoja mama mmoja, na walifanana sana. Huyu Nobukado alikuwa pia mchoraji, na ndiye aliyewachora baba na mama yao, michoro ambayo ipo hadi leo. Inasimuliwa kwamba ukoo wa Hojo ulipomtuma mjumbe wake kuja kuhakikisha kama Shingen yu hai, Nobukado ndiye aliyempokea, akiwa amejifanya kaka yake mgonjwa, na mjumbe akarudi akasema: yu hai. Mimi hapo huwa nawaza zaidi kuhusu Nobukado kuliko mjumbe. Kaka yako amefariki, hujamlilia, hakuna msiba, hakuna mazishi, halafu unavaa nguo zake na kulala kitandani kwake ili wageni waje wakujulie hali. Mazishi rasmi yalifanyika mwaka 1576, katika hekalu la Erinji, hapa hapa Yamanashi.

Siri haikukaa miaka mitatu, nisiwadanganye. Maadui walianza kunusa mapema. Tokugawa Ieyasu alichokoza mipakani kuona kama simba atanguruma, akaona kimya, na mwaka ule ule akaichukua tena ngome ya Nagashino.

Mwaka 1980 Akira Kurosawa alikitengenezea kisa hiki filamu, Kagemusha, ikashinda tuzo kuu ya Cannes. Kurosawa alichukua kifo cha Shingen akaongeza mtu ambaye historia haimjui: mwizi mmoja aliyekuwa anasubiri kuuawa, akaokolewa kwa sababu tu anafanana na bwana. Tatsuya Nakadai amecheza wote wawili, bwana na mwizi. Kama mtaipata, itazameni kwa utulivu, ni ndefu. Mwizi anajifunza kukaa kama Shingen, kunyamaza kama Shingen. Mjukuu wa marehemu anampenda. Walinzi wanaojua siri wanaanza kumheshimu bila kutaka. Kisha siku moja anampanda farasi wa bwana, farasi ambaye hakuwa akikubali mtu mwingine. Farasi anamwangusha. Wanawake wa bwana wanakimbilia kumhudumia, wanamtazama mwilini, na makovu ya vita ya Shingen hayapo. Basi. Anapewa pesa kidogo na kufukuzwa kwenye mvua, na yule mtoto haruhusiwi hata kuagana naye. Mwishoni, jeshi la Takeda likiteketezwa na bunduki pale Nagashino mwaka 1575, mtu aliyekwisha kufukuzwa anaokota mkuki na kukimbilia risasi. Hapo ndipo Kurosawa alipoona kitu ambacho vitabu vingi vya vita vinakiruka: kivuli ni mtu, ukimtumia kama nguo atabaki na kidonda ambacho hakuna wa kukiuguza.

Sasa tumtazame aliye halisi. Miezi michache tu kabla Shingen hajafa, Januari 1573, jeshi lake lilikutana na Ieyasu kwenye uwanda wa Mikatagahara, kaskazini ya mji wa Hamamatsu. Ieyasu alipigwa vibaya sana. Na huyu ndiye Ieyasu ambaye miaka 30 baadaye angekuwa shoguni, yaani mtawala mkuu wa kijeshi, ukoo wake ukatawala Japani zaidi ya miaka 250. Siku ile yote hayo yalikaribia kuishia kwenye theluji ya Mikatagahara.

Alikuwepo mtumishi wake anaitwa Natsume Yoshinobu. Miaka kumi nyuma, Natsume alikuwa amemuasi Ieyasu, aliungana na wafuasi wa dini walionyanyua silaha huko Mikawa. Alikamatwa, akasamehewa. Siku ya Mikatagahara aliachwa kulinda ngome ya Hamamatsu. Alipoona mambo yanaharibika akatoka na farasi, akamkuta bwana wake amekasirika, anataka kurudi vitani afe na watu wake. Natsume hakubishana naye sana. Aligeuza kichwa cha farasi wa Ieyasu kuelekea ngomeni, akampiga farasi kwa mpini wa mkuki, farasi akatoka mbio. Kisha yeye na wapanda farasi wachache wakawageukia watu wa Takeda, akipaza sauti kwamba yeye ndiye Ieyasu. Wakamuua. Ieyasu akafika salama. Hamamatsu kuna jiwe la kumbukumbu ya Natsume, na ninavyoona mimi hakuna deni la msamaha lililowahi kulipwa kwa gharama kubwa hivyo.

Jambo hili halikuanza karne ya 16. Mwaka 1333, milima ya Yoshino, Murakami Yoshiteru alivaa deraya ya mwana wa mfalme Go-Daigo, Moriyoshi, akapanda mnarani, akajitangaza kuwa ndiye mwana wa mfalme, akajichana tumbo mbele ya maadui ili wasitafute zaidi. Mtoto wake wa kiume alitaka kufa pamoja naye. Baba akamkataza, akamwambia aende akamlinde bwana, na yule kijana naye akafia njiani akiwazuia waliokuwa wanamfuatia. Mwaka huo huo, katika ngome ya Chihaya, Kusunoki Masashige alitengeneza sanamu 20 au 30 za ukubwa wa mtu, akazivika deraya na kuzipanga usiku chini ya mlima. Alfajiri maadui wakazivamia, wakaangushiwa mawe. Hiyo ndiyo danganya toto ninayoipenda, maana waliosimama mbele walikuwa majani matupu.

Na hekaya nazo zipo tele. Taira no Masakado, mwasi aliyeuawa mwaka 940, anasimuliwa kuwa alikuwa na watu sita waliofanana naye kama maji, na aliyemuua alimtambua kwa kuwa yeye peke yake ndiye aliyekuwa na kivuli ardhini. Kaburi linalosemwa kuwa la kichwa chake lipo katikati ya maofisi ya Otemachi, Tokyo, na watu wanaliheshimu sana. Kuna mpaka riwaya inayodai Ieyasu mwenyewe aliuawa kwenye vita vya Sekigahara mwaka 1600 na kivuli chake kikatawala. Wanahistoria hawalikubali jambo hilo, lakini wasomaji wanalifurahia.

Ila kama mnataka kujua uchungu wa habari hii uko wapi, nendeni kwenye maonyesho ya jukwaani. Mwaka 1746 ukumbi mmoja wa vikaragosi Osaka uliigiza kisa ambacho hadi leo waigizaji wa kabuki, maigizo ya jadi ya Japani, wanakicheza, na sehemu inayoitwa Terakoya, yaani shule ya kijiji, ndiyo inayoliza watu. Mwalimu Genzo amemficha mtoto wa bwana wake. Watawala wamejua, wanataka kichwa cha mtoto. Siku hiyo hiyo mama mmoja ameleta mwanafunzi mpya, mtoto mzuri, ana adabu, na mama kaacha sanduku la vitu vyake vya shule. Genzo anamtazama yule mtoto mgeni na kuamua. Matsuomaru, anayemjua mtoto anayetafutwa kwa sura, analetwa kukagua kichwa. Sanduku la kichwa linafunguliwa. Anatazama. Anasema: ndiye.

Wakishaondoka tunaambiwa ukweli. Mwanafunzi yule, Kotaro, ni mwanawe Matsuomaru mwenyewe. Yeye na mkewe walimpeleka makusudi, ili afe badala ya mtoto wa bwana waliyekuwa na deni la fadhila kwake. Na ndani ya lile sanduku la shule lililoachwa na mama mlikuwa na sanda. Baba anauliza mtoto alikufaje. Genzo anamjibu kwamba alitabasamu na kunyoosha shingo. Mimi ni mzazi, siwezi kusema kitendo kile ni sawa, na sitasema. Lakini ukumbini utaona watu wazima, watu wa Osaka na Tokyo waliovaa suti, wanafuta machozi, na nadhani wanamlilia yule mtoto ambaye hakuna aliyemuuliza.

Kivuli ninayempenda kuliko wote hakufa. Mwaka 1550, sehemu za Nara, bwana Tsutsui Junsho alifariki, na mrithi wake Junkei alikuwa mtoto mdogo bado. Inasimuliwa kwamba wakamtafuta kipofu mmoja anaitwa Mokuami, aliyefanana na marehemu hasa kwa sauti. Wakamlaza kwenye chumba chenye mwanga hafifu. Wageni wakaja, wakasikia sauti ya mgonjwa, wakaenda zao wakiamini. Wakati huo wote alikula chakula cha bwana na kulala kitanda cha bwana. Mambo ya mtoto yalipokaa sawa, kifo kikatangazwa, na Mokuami akarudishwa mjini kuwa Mokuami. Hadi leo Wajapani wanalitaja jina lake mtu aliyepanda juu anaporudi alikokuwa. Majina ya waliokuja kumwamkia pale kitandani, wakainama mbele yake, hayatajwi na mtu.

Video ijayo nitakuwa Hamamatsu kwenye jiwe la Natsume, na nitatembea uwanda wa Mikatagahara muone umbali aliokimbia Ieyasu mpaka ngomeni. Mwenye swali aniandikie. Msalimieni bibi na babu, na nyie vijana wa Naruto, tafuteni hiyo filamu ya Kurosawa. Kwaherini.