Mpira wa Waingereza katika Shule ya Wafaransa: Miaka ya Mwanzo ya Raga Blackrock

Tumsifu Yesu Kristo.

Ahsanteni. Baba Paroko, walimu wenzangu, wazazi, na ninyi vijana mliojipanga kule nyuma karibu na mlango, songeni mbele. Kipaza sauti hiki kina mambo yake.

Nimeombwa nizungumzie historia ya michezo katika shule za misheni, na najua wengi mlikuja mkitegemea soka. Soka mnaijua kuliko mimi. Leo nitazungumzia raga, tena raga ya mbali, katika shule ya bweni ya Kikatoliki iliyoko Dublin, Ireland, iitwayo Blackrock. Kwa ambao hawajawahi kuiona: timu mbili, wachezaji 15 kila upande, mpira wenye umbo la yai. Ruksa kuukumbatia na kukimbia nao, ruksa kuupiga teke, ila ukitaka kumpasia mwenzako kwa mikono sharti uurushe nyuma au pembeni, si mbele. Mwenye mpira anakabwa mwili mzima mpaka aende chini. Hayo yanatosha kwa asubuhi hii.

Mtaniuliza, Dublin na Bagamoyo wapi na wapi? Mapadre waliofungua misheni hapa mwaka 1868, wakina Padre Antoine Horner, walikuwa wa Shirika la Roho Mtakatifu. Miaka minane kabla yake, mwaka 1860, shirika hilohilo lilifungua shule pale Blackrock. Na shule ile ilifunguliwa kwa ajili yetu. Sitanii. Shirika lilikuwa la Wafaransa, na sehemu nyingi za Afrika walizotaka kwenda zilikuwa na Waingereza, au Waingereza walikuwa njiani. Walihitaji mapadre wanaojua Kiingereza. Wangewapata wapi? Ireland: nchi ya Wakatoliki, inayosema Kiingereza, yenye familia kubwa. Basi akatumwa Padre Jules Leman, Mfaransa, akaanzishe shule itakayozaa wamisionari.

Shule ikazaa. Wamisionari walipatikana, lakini kwa miongo ile ya mwanzo vijana wengi zaidi walitoka pale wakawa madaktari, wanasheria na maofisa wa serikali. Wazazi walikuwa na hesabu zao. Watu wa Dublin waliiita tu Chuo cha Wafaransa, na mtoto wa mfanyabiashara Mkatoliki akipelekwa kule alitegemewa kurudi mtu wa maana.

Hapo ndipo raga inapoingia, na inahitaji maelezo, kwa sababu kwa hali ya wakati ule haikustahili kuingia.

Tazameni. Raga ilizaliwa katika shule za Waprotestanti wa Uingereza. Ilivuka bahari ikatua Trinity, chuo kikuu cha Dublin, ambako klabu ya raga ilianzishwa mwaka 1854, miongoni mwa za kale kabisa duniani. Na Trinity ilikuwa ngome ya Waprotestanti. Maaskofu Wakatoliki waliwazuia waumini wao kusoma pale, na katazo hilo halikuondolewa mpaka mwaka 1970. Ireland ilipocheza na Uingereza kwa mara ya kwanza, Februari 1875 jijini London, kikosi kilijaa watu wa Trinity na wa klabu za kaskazini. Walifungwa, lakini hilo si kitu. Ninachotaka mkione ni kwamba mchezo ulikuwa na wenyewe, na wenyewe hao hawakuwa watoto wa Padre Leman.

Wala haukuwa mchezo wa kupendeza macho. Mechi ile ya 1875 ilichezwa na watu 20 kila upande. Kumi na tano walianza mwaka 1877. Wengi wao walikuwa fowadi, na kazi ya fowadi ilikuwa kusukumana. Wanainama, mabega kwa mabega, mpira umepotea chini kati ya miguu, na lundo zima linayumba huku na huko kwenye tope. Kuuvusha mpira mstarini kwa mikono hakukukupa pointi. Kulikupa nafasi ya kupiga teke kwenda golini tu, na ukikosa teke, jasho lako lote limekwenda bure. Ufundi ambao Waairishi walikuja kusifiwa nao ulikuwa wa miguu: fowadi wanatoka kwenye lundo kwa pamoja, wanaupeleka mpira mbele kwa vidole vya viatu, na ole wake atakayejitupa chini mbele yao kuudaka. Ilihitaji moyo kujitupa. Hata leo, kocha yeyote wa shule atakuambia kwamba kukimbia na mpira kunafundishika haraka. Kinachochelewa ni huko kujitupa.

Sasa, kwa nini mapadre wa Kifaransa waliukubali? Mimi naona sababu mbili, na ya kwanza husahaulika.

Shule za bweni za Uingereza ziliwaachia wanafunzi wakubwa uwanja wautawale wenyewe. Malezi ya Kikatoliki ya Kifaransa yalikuwa kinyume: mwanafunzi hakai peke yake, haachwi kwenye kona akinong'ona, na saa ya mapumziko ni kipindi kama kipindi kingine, msimamizi yupo. Mlezi wa namna hiyo anataka nini kwa vijana mia wenye umri wa miaka 16? Anataka wachoke, na anataka wawe mbele ya macho yake. Raga ilimpa vyote viwili kwa mpigo. Mliolala bweni mnacheka kwa sababu mnajua nasema nini. Usiku wa siku ya mechi, bwenini hakuna kelele.

Sababu ya pili ni heshima. Mwaka 1878 serikali ya Uingereza, iliyokuwa ikiitawala Ireland wakati ule, ilitunga sheria ya mitihani ya sekondari kwa Ireland nzima. Shule zililipwa kwa matokeo, na wanafunzi waliofanya vizuri walitunukiwa zawadi. Kwa mara ya kwanza mtoto wa Kikatoliki na mtoto wa Kiprotestanti waliandika mtihani mmoja, ukasahihishwa kwa namba bila kuuliza unasali wapi. Chuo cha Wafaransa kilikuwa mstari wa mbele tangu mwanzo. Sasa jiwekeni katika nafasi ya shule ile. Umeshawafikia wale wa upande wa pili kwenye hesabu na Kilatini. Kwenye kiwanja je? Huwezi kuwafikia kwa mchezo ambao wao hawachezi. Unawafuata kwenye mchezo wao.

Mwaka 1887 likaanzishwa kombe la shule za sekondari za jimbo la Leinster, Dublin ikiwamo. Mshindi wa kwanza: Blackrock. Padre Leman alikuwa amefariki mwaka 1880, hakuliona. Tangu hapo shule ile imelichukua kombe hilo zaidi ya mara 65, na hakuna nyingine inayokaribia. Ukikutana na Mwairishi aliyesoma shule pinzani, jihadhari kulitaja, utaharibu chai.

Ningeweza kuishia hapo: maskini kamshinda tajiri, makofi. Lakini kuna mtu mmoja anaharibu hadithi hiyo nzuri, nami nampenda kwa sababu hiyo.

Anaitwa Michael Cusack. Alizaliwa mwaka 1847 katika kaunti ya Clare, mwana wa watu wa kawaida, akikulia kwenye lugha ya Kiairishi. Mwaka 1874 alikuja kufundisha Blackrock. (Mwaka huohuo, Februari, mwili wa Dkt. Livingstone ulifikishwa hapa Bagamoyo kwa mapadre. Shirika moja, mwaka mmoja, kila upande na kazi yake.) Baadaye alifungua chuo chake mwenyewe mjini Dublin, cha kuwaandaa vijana kwa mitihani ya utumishi serikalini. Na chuo hicho kilikuwa na timu ya raga. Cusack mwenyewe aliingia uwanjani kama fowadi. Alikuwa na kifua cha kazi hiyo.

Ni Cusack huyuhuyu ambaye tarehe 1 Novemba 1884, katika mji wa Thurles, alianzisha chama cha michezo ya asili ya Kiairishi, GAA, kufufua mpira wa magongo wa kwao na riadha iliyokuwa wazi kwa mkulima na kibarua. Mlezi wa chama alikuwa Askofu Mkuu Thomas Croke wa Cashel, na barua yake ya kukubali ulezi ni ya moto: aliishambulia michezo ya kigeni, tenisi, kriketi na mingineyo, kwamba imewasahaulisha Waairishi ya kwao. Chama kikaanza kuweka katazo: mwanachama asicheze michezo ya kigeni. Mwanzoni mwa karne ya ishirini katazo likakazwa likawa sheria kamili, na likadumu mpaka 1971. Mwaka 1938 Rais wa nchi, Douglas Hyde, ambaye maisha yake yote alikuwa ameipigania lugha ya Kiairishi, aliondolewa katika ulezi wa chama kwa kosa la kuhudhuria mechi ya soka. Rais! Kwenda tu kutazama!

Basi Chuo cha Wafaransa kikajikuta pabaya. Kilichokuwa kimefanywa kwa ajili ya heshima ya Wakatoliki sasa kilisomeka kama kujipendekeza kwa Waingereza. Lakini mapadre hawakuacha, wala vijana hawakuacha. Tena shirika lilikuwa na shule nyingine, Rockwell, iliyofunguliwa mwaka 1864 katika kaunti ya Tipperary, ndani ya jimbo la Askofu Mkuu Croke mwenyewe. Raga ikachezwa pale pale, chini ya pua ya mlezi wa chama. Rockwell iliwatoa ndugu wawili wakulima, Mike na Jack Ryan, waliokuwa kwenye kikosi cha Ireland kilichozifunga Uingereza, Uskoti na Wales msimu mmoja, mwaka 1899. Wakulima wa Tipperary, siyo mabwana wa Trinity. Mchezo ulikuwa umeshahama mikono.

Sasa niwape mwanafunzi mmoja. Mwaka 1898 alifika Blackrock kijana mrefu, mwembamba, amezaliwa New York, amelelewa na ndugu wa mama yake kijijini Limerick, anasoma kwa ufadhili. Inasimuliwa kwamba usiku wa kwanza bwenini alimsikia mwenzake wa kitanda cha jirani akilia kukumbuka nyumbani, naye akashindwa kuelewa analilia nini: kwake, kuepukana na kukamua ng'ombe na kupata vitabu na kitanda ilikuwa sikukuu. Alipenda hesabu, na akapenda raga. Mwaka 1903 akaenda Rockwell kufundisha hesabu, na huko alicheza timu moja na wale ndugu Ryan. Jina lake Éamon de Valera. Mwaka 1916 aliongoza kikosi katika uasi wa Dublin dhidi ya Waingereza, akahukumiwa kifo, akanusurika; baadaye akawa waziri mkuu, kisha rais mpaka 1973. Mtu aliyeshika bunduki dhidi ya utawala wa Uingereza hakuona haja ya kuomba radhi kwa kupenda raga. Wanaosema kwamba mchezo wa mkoloni lazima ukufanye kibaraka wa mkoloni, nawaomba waanze na huyu.

Sipuuzi hoja ya Cusack, lakini. Shule kama Blackrock zilikuwa za wenye karo. Kijana aliyevaa jezi ile ya buluu na nyeupe alikuwa tayari amepanda ngazi moja kabla filimbi haijapigwa, na raga ya Dublin ina harufu hiyo ya karo mpaka leo. Chama cha Cusack kilikwenda vijijini ambako mapadre wa Blackrock hawakuwa na shule. Ukiniuliza nani aliwafanyia Waairishi wengi zaidi, nitasema Cusack bila kusita.

Na kwetu? Raga haikuja Bagamoyo na mapadre, kwa sababu waliokuja hapa walitoka Ufaransa, wengi Alsace, watu ambao hawakuwahi kuushika mpira ule. Ilikwenda Nairobi, ambako walowezi walikuwa wameshaanza kuicheza, na ambako mwaka 1939 mapadre Waairishi wa shirika hilohilo walifungua shule ya St. Mary's. Vijana wa pale wanaicheza raga vizuri sana, na walimu wa Nairobi waliomo humu wanaweza kutuambia zaidi wakati wa maswali.

Nimalizie na mechi moja. Uwanja mkuu wa GAA uko Dublin na unaitwa Croke Park, kwa jina la yule Askofu Mkuu. Novemba 1920 askari wa Uingereza waliingia pale katikati ya mechi wakafyatulia watu risasi, wakafa 14. Kwa hiyo raga ndani ya Croke Park lilikuwa jambo lisilotamkika. Lakini uwanja wa raga ulipokaribia kuvunjwa ujengwe upya, mwaka 2005 chama kilipiga kura kuufungua kwa muda. Tarehe 24 Februari 2007 Uingereza ikaingia Croke Park mbele ya watu zaidi ya 80,000. Wimbo wa taifa wa Uingereza ukapigwa; watu wakasimama, hakuna aliyezomea. Kisha Ireland ikashinda 43 kwa 13. Nahodha alikuwa Brian O'Driscoll, mtoto wa Blackrock. Na upande mmoja wa uwanja ule kuna jukwaa kubwa linaloitwa Jukwaa la Cusack, kwa heshima ya yule mwalimu, fowadi.

Haya, maswali.