Kipindi: Namba za mtafiti wa ubongo, na konzo ya kwetu

SIFA: Karibuni, wasikilizaji wa Bukavu na wote mnaotufuata kwingine. Ndugu Murhula, leo umekuja na namba.

MURHULA: Dada Sifa, mtafute mtafiti yeyote wa ubongo kwenye Google Scholar. Kabla hujasoma hata kichwa cha makala, unaonyeshwa amenukuliwa mara ngapi, yaani makala za wengine zimetaja kazi yake mara ngapi, na kipimo chake cha h. Vijana wetu wanaoomba nafasi ya doktora ng'ambo wanapimwa kwa hizo hizo.

SIFA: Eleza hiyo h.

MURHULA: Aliipendekeza Jorge Hirsch, mwanafizikia wa California, mwaka 2005. Mtu mwenye makala 10 ambazo kila moja imenukuliwa angalau mara 10, h yake inafika 10. Ili ipande hadi 11, anahitaji makala 11 zilizonukuliwa mara 11 au zaidi.

SIFA: Basi mwenye makala tatu tu, hata kila moja inukuliwe mara elfu, anabaki na 3.

MURHULA: Anabaki na 3. Na h haishuki, hata mtu akistaafu. Kijana mwenye makala chache bado anaumia hapo.

SIFA: Mimi nauliza pia kwa nini mtu ananukuliwa. Karl Friston wa London yuko kati ya wanasayansi wa ubongo wanaonukuliwa zaidi duniani. Sehemu kubwa inatokana na SPM, programu ya kuchambua picha za ubongo, maana maabara zinazoitumia humtaja. Anastahili kabisa. Ila huwezi kumweka kwenye mizani moja na daktari anayezunguka vijijini kupima miguu ya watoto.

MURHULA: Unazungumzia konzo.

SIFA: Ndiyo, na inaniuma. Mtoto analala mzima, anaamka miguu imekakamaa, na haponi tena. Daktari Giovanni Trolli aliueleza ugonjwa huu 1938, kule Kwango, kusini-magharibi mwa Kongo. Lakini uhusiano wake na sumu ya sianidi iliyo katika mihogo michungu isiyolowekwa vya kutosha ulikuja kufuatiliwa miaka ya 1980 na 1990. Watafiti Hans Rosling na Thorkild Tylleskär walikuwemo, pamoja na Wakongo kama Banea. Wengi wanaopatwa ni watoto na akina mama walio katika umri wa kuzaa, wanaokula mihogo karibu peke yake, bila nyama wala maharagwe.

MURHULA: Na mwaka 2011 ikachapishwa makala kuhusu konzo kutokea hapa Kivu Kusini, eneo la vita. Mtu akikimbia, hana siku tatu za kuloweka mihogo.

SIFA: Sasa jiulize, nani atainukuu makala hiyo? Maabara zinazoshughulika na konzo ni chache sana. Ugonjwa wa Alzheimer una maelfu ya watafiti, na kila mmoja ananukuu wenzake. Hesabu ya konzo itakuwa ndogo hata kazi ikiwa bora.

MURHULA: Wakati matunda yake yanaonekana jikoni. Mtafiti Howard Bradbury wa Canberra, Australia, na wenzake walionyesha njia rahisi: unalowanisha unga wa mihogo, unautandaza uwe mwembamba, unauacha saa mbili juani au saa tano kivulini. Sumu inatoka kama gesi, kisha unapika fufu siku hiyo hiyo. Kikundi cha Banea kiliifundisha kwa akina mama wa vijiji vya Bandundu.

SIFA: Mama akiokoa watoto wake kwa njia hiyo, hakuna kanzidata inayoandika kwamba amenukuu.

MURHULA: Na lugha je? Ramón y Cajal, mtafiti wa ubongo wa Hispania, alichapisha michoro yake ya seli za neva mwaka 1888, kwa Kihispania, katika jarida alilolianzisha mwenyewe. Wachache walisoma. Mwaka uliofuata alibeba hadubini na vielelezo vyake hadi Berlin, akamwonyesha Kölliker, mtaalamu mashuhuri wa seli, ana kwa ana. Nobeli ikaja 1906.

SIFA: Hapa Bukavu memwari, yaani tasnifu za wanafunzi, nzuri za Kifaransa zinalala kabatini, hakuna anayeweza kuzinukuu kwa sababu hakuna anayeziona. Hilo liko mikononi mwa vyuo vyetu: waziweke kwenye intaneti.

MURHULA: Na kamati zinazoajiri? Azimio la San Francisco, DORA, lilitoka 2013, likasema mtafiti asipimwe kwa umaarufu wa jarida alilochapisha. Taasisi nyingi zimelitia saini.

SIFA: Basi wewe unayeandaa wasifu wako, chini ya kila makala ongeza mistari miwili: uligundua nini, na nani anakitumia. Kama ni kituo cha afya cha Burhinyi hapa Kivu Kusini, kiandike kwa jina.