Waesene na Watu wa Qumran: Jina Lililotoka Nje

Waheshimiwa wasikilizaji,

Msomaji wa Biblia ya Kiswahili huwakuta Mafarisayo na Masadukayo mara kwa mara katika Injili, lakini akisoma kuanzia Mathayo hadi Ufunuo hatamkuta hata Mwesene mmoja, yaani mfuasi wa kundi jingine la Kiyahudi la zama hizo. Marabi waliokusanya Mishna, mkusanyiko wa sheria za Kiyahudi zilizopokewa kwa mdomo, nao hawakulitaja jina hilo. Habari za Waesene tumezipata hasa kwa waandishi watatu wa karne ya kwanza, yaani Philo wa Aleksandria, Josephus mwanahistoria wa Kiyahudi, na Plinius wa Roma, ambao maandishi yao yametufikia kwa Kigiriki na Kilatini, si kwa Kiebrania. Nao hawakubaliani katika kila jambo. Philo na Josephus wanahesabu zaidi ya watu 4,000, na Josephus anawaweka katika miji mingi. Plinius anawaona mahali pamoja tu, magharibi ya Bahari ya Chumvi, wakiishi bila wanawake, bila fedha, na mitende ndiyo jirani yao.

Mwaka 1947 wachungaji wa Kibedui waliyatoa magombo ya kwanza, yaani hati za kale zilizokunjwa, katika pango karibu na Qumran, kwenye ufuo huohuo wa magharibi. Baadaye mapango yenye maandishi yalifikia kumi na moja, na hati zikapita 900, nyingi zikiwa vipande tu. Mwanaakiolojia Eleazar Sukenik, aliyenunua matatu ya magombo ya mwanzo, alikuwa wa kwanza kusema kwamba wenye magombo hayo walikuwa Waesene, na mwenzake Roland de Vaux, aliyechimba magofu ya Qumran tangu mwaka 1951 hadi 1956, akaijenga hoja hiyo hadi ikawa kauli ya wengi.

Hoja yenyewe si dhaifu. Josephus anaeleza kwamba mwanagenzi alijaribiwa kwa miaka kadhaa kabla ya kukubaliwa mezani, na kwamba mali iliwekwa pamoja. Gombo la Kanuni ya Jumuiya, mojawapo ya yale ya Qumran, linaagiza mambo yanayokaribiana sana na hayo. Mimi huvutiwa zaidi na jambo dogo: Josephus anasema Waesene walijizuia kutema mate katikati ya wenzao, na Kanuni inamtoza adhabu ya siku thelathini atakayetema mate katika kikao. Mafundisho makuu huweza kufanana kwa makundi mengi. Adabu ya mate ni vigumu kuiita sadfa.

Hata hivyo, magombo hayo hayatumii jina “Waesene” popote. Wenyewe wanajiita Umoja, wana wa nuru, wana wa Sadoki. Tena Hati ya Dameski, ambayo nakala zake zilijulikana kwanza kutoka sinagogi la Kairo na baadaye zikaonekana Qumran pia, inazungumzia watu wanaooa na kuzaa watoto, na katika makaburi ya Qumran imepatikana mifupa ya wanawake. Watetezi wa Waesene hujibu kwamba Josephus mwenyewe anataja tawi lao lililooa. Ni jibu zuri, ingawa linamwacha Plinius peke yake na mitende yake.

Pingamizi zito zaidi limetoka katika sheria za usafi na unajisi. Barua ya Qumran ijulikanayo kama Baadhi ya Matendo ya Torati inashikilia kwamba maji yakimiminwa katika chombo najisi, mkondo wenyewe hupandisha unajisi hadi chombo cha juu kilichokuwa safi. Mishna inataja mabishano juu ya suala hilohilo, na wenye msimamo huo mkali humo ni Masadukayo. Kwa hiyo mtaalamu Lawrence Schiffman alidai kwamba chimbuko la kundi hili ni makuhani wa Kisadukayo waliojitenga na Hekalu. Naona amethibitisha undugu wa sheria, lakini undugu si utambulisho: Josephus anasema Masadukayo waliyakana majaliwa, ilhali Kanuni inafundisha kwamba Mungu alikwisha kupanga njia za wanadamu kabla ya kuwaumba.

Mtaalamu mwingine, Norman Golb, aliyaona magombo kuwa maktaba za Yerusalemu zilizofichwa wakati wa vita na Roma, na Rachel Elior akafika mbali zaidi kwa kusema kwamba Waesene hawakuwahi kuwapo. Kwangu, kauli hii ya mwisho inadai mengi mno, maana inatutaka tuamini kwamba waandishi hao watatu walikosea wote pamoja. Nakubali kwamba watu wa Qumran walikuwa Waesene, kwa sharti kwamba tulichukulie neno hilo kuwa jina la nje, lililofunika matawi zaidi ya moja.

Na huenda hata jina hilo halikuzuka nje kabisa. Baadhi ya wataalamu wanadhani kwamba neno la Kigiriki limetokana na neno la Kiebrania osei, yaani “watendao”. Katika ufafanuzi wa kitabu cha Habakuki, uliotoka katika pango lile la kwanza, waaminifu wanaitwa osei ha-torah, watendao Torati.