Mwalimu Karatasi: neno kwa wanaojiandaa kusoma uzamili wa elimu maalum

Asante sana, mwenyekiti. Kabla sijaanza, naomba yule kijana wa umeme atuwashie taa ya hapa mbele kulia. Mkalimani wetu amesimama gizani, na mkalimani aliye gizani ni sawa na spika iliyochomolewa waya. Haya, sasa anaonekana. Asante, mwanangu.

Wenzangu viziwi wa safu ya mbele mmeshanisalimia kwa jina langu, na nimewaona mnavyochekana. Ninyi wengine mnivumilie kidogo. Jina hilo mtalijua, maana ndilo mhadhara wenyewe.

Nimepewa kichwa kinachosema "Fursa za masomo ya juu kwa walimu wa elimu maalum". Fursa zipo, na mnazijua kuliko mimi. Mmezituma kwenye makundi ya WhatsApp mpaka simu zimejaa. Wengi hapa mmepita Patandi, kile chuo cha ualimu wa elimu maalum cha Arusha, mkaongeza shahada ya kwanza Dodoma au kule Magamba, Lushoto, na sasa macho yako kwenye vyuo vikuu vya Kenyatta na Maseno kule Kenya, na Kyambogo kule Uganda. Mwenye bahati ya mfadhili anaitazama Oslo, kwenye baridi ya Norway, na kuulizia bei ya makoti. Ada na tarehe za maombi ziko kwenye tovuti za vyuo, sitazisoma hapa. Mimi nina jambo moja tu, na walionisikia Morogoro na Tanga wanisamehe, ni lile lile.

Nilifundisha kitengo cha viziwi miaka tisa kabla sijaenda kusoma uzamili. Vitengo vyetu mnavijua: vyumba viwili nyuma ya shule ya msingi ya kawaida, jirani na vyoo, na kengele ikigongwa hakuna anayekumbuka kuja kuwaambia. Watoto wale walinipa jina la alama: kidole kinagusa shavu na kuzungushwa, kwa sababu ya kishimo hiki hapa. Kwa msiojua, jina la alama hulichagui mwenyewe. Viziwi wanakutazama, wanaona kitu chako, wanakupa. Ukishapewa, wewe ni wa nyumbani.

Nikapata barua ya ruhusa, nikaenda chuoni. Programu ilikuwa ya miaka miwili, tasnifu ikanikalia, ikawa miezi 28. Nilisoma falsafa ya elimu, nikasoma takwimu, nikalisoma Tamko la Salamanca la 1994, lile la elimu jumuishi, mpaka nikawa naota aya zake. Sijutii hata moja. Lakini katika miezi 28 ile sikufundisha mtoto yeyote. Hakuna mtu aliyeniuliza kama najua lugha ya alama. Hostelini hapakuwa na kiziwi, maktaba hapakuwa na kiziwi. Siku ya kutetea tasnifu waliniuliza juu ya uhalali wa dodoso langu kwa dakika arobaini, na mikono yangu ilikuwa imelala mezani kama samaki waliovuliwa jana.

Januari nikarudi kitengoni. Darasa la nne, watoto kumi na mmoja. Na mimi sasa ni msomi, siingii darasani mikono mitupu: nina mpango binafsi wa kila mwanafunzi, umechapwa kwa kompyuta, una malengo na safu za tathmini. Basi nasoma mpango, natazama mtoto, natoa alama mbili, nimesahau ya tatu, narudi kwenye karatasi. Nanyanyua karatasi hivi, usawa wa macho, maana na macho nayo yalikuwa yameanza kuchoka.

Baada ya wiki moja hivi nikaanza kuwaona watoto nikipita wanafanya hivi. Tazameni: kiganja kimefunguliwa, kinasimama mbele ya uso, kinaufunika. Nikadhani ni mchezo. Ikaja siku ya pili, ya tatu. Nikamwita binti mmoja wa darasa la sita ambaye nilimpokea akiwa mdogo kabisa, nikamuuliza ile ni nini. Akatazama chini. Nikamgusa bega, nikauliza tena. Akasema, ni jina lako. Karatasi. Yule ambaye uso wake ni karatasi.

Nikamwuliza, na lile la shavu je?

Akanijibu bila ubaya wowote, kama mtu anayekupa habari ya jirani: lile ni la mwalimu aliyeondoka.

(Mkalimani, pumzika kidogo, najua hapo panakuchosha kila mara.)

Nieleze kwa wasiotumia alama kwa nini lile lilikuwa pigo. Lugha ya alama haiko mikononi peke yake. Nyusi zikipanda, sentensi imekuwa swali. Kichwa kikitikiswa, imekanushwa, na mikono ni ile ile. Mashavu, midomo, mwelekeo wa macho, vyote hivyo ni sarufi. Kumfunikia mtoto kiziwi uso wako ni kumzibia mtoto anayesikia masikio kisha ukaendelea kufundisha. Na mimi niliwazibia kwa karatasi ya uzamili wa elimu maalum! Nimetumwa kusoma jinsi ya kuwafikia, nikarudi na ukuta wa A4.

Sasa najua kuna mtu hapa anasema moyoni: mama, lugha ya alama na nukta nundu, yale maandishi ya wasioona, ni kazi ya stashahada, huko juu ni nadharia. Nimeambiwa hivyo na maprofesa, tena kwa upole, kama mtu anayemfundisha mtoto kuvuka barabara. Nami huwajibu kwa mfano wa hospitali ya Muhimbili. Daktari anayesomea uzamili wa upasuaji haachishwi wagonjwa. Yumo wodini alfajiri, yumo chumba cha upasuaji, bingwa kasimama pembeni yake, na kila alichofanya kinaandikwa na kusainiwa. Hakuna anayemwambia, "Wewe ulishashika kisu ulipokuwa shahada ya kwanza, sasa kaa maktaba miaka mitatu halafu urudi utupasue." Mngekubali awapasue? Mimi nisingekubali. Lakini mtoto kiziwi, mtoto asiyeona, mtoto mwenye usonji, huyo tunampelekea mpasuaji wa maktaba na tunampigia makofi siku ya mahafali.

Na msidhani hili limeanza kwetu. Mwaka 1880, mjini Milan, wasomi wa elimu ya viziwi walikutana wakapiga kura kwamba watoto viziwi wafundishwe kwa mdomo na lugha ya alama iondolewe madarasani. Wajumbe zaidi ya 160, kiziwi mmoja. Mmoja! Azimio likasafiri nchi baada ya nchi, watoto wakachapwa mikono kwa kosa la kuongea kwa mikono. Mpaka mwaka 2010, kule Vancouver, ndipo mkutano wa aina ile ile ukayakataa maazimio ya Milan. Hesabuni wenyewe: miaka 130. Na waliopiga kura hawakuwa wahuni, walikuwa wasomi wa fani, wengine walikuwa wakuu wa shule. Kila nikikumbuka hilo, naiangalia shahada yangu ukutani kwa jicho la pembeni.

Nije kwenye tasnifu, kwa sababu huko ndiko mwalimu anakopotelea. Nimesoma tasnifu nyingi za elimu maalum, yangu na za wengine. Vichwa vyake nitawatajia nikiwa nimefumba macho: "Changamoto zinazowakabili walimu wa wanafunzi wenye mahitaji maalum katika Wilaya ya" — weka wilaya unayotaka. Matokeo: upungufu wa vifaa, upungufu wa walimu, uelewa mdogo wa jamii. Mapendekezo: serikali iongeze vifaa, serikali iajiri walimu, jamii ielimishwe. Ningekuwa na mamlaka ningelifungia neno "changamoto" miaka kumi, likae kando litubu. Hata yangu ilikuwa hivyo. Dodoso kwa walimu wakuu arobaini, kurasa mia na kitu, na katika kurasa zote hizo hakuna mtoto hata mmoja aliyeulizwa kitu. Ulikuwa utafiti wa watoto uliofanywa kama msiba: watu wazima wanazungumza chumbani, watoto wametolewa nje.

Nini kifanyike badala yake? Kuna njia ya utafiti ya zamani katika fani hii, ya mwanafunzi mmoja mmoja, na inamfaa mwalimu kuliko dodoso. Nitawapa mfano. Una mtoto mwenye ulemavu wa akili, ana miaka kumi na moja, hawezi kufunga vifungo vya shati. Kila asubuhi mama yake anamfunga, akifika shule vikifunguka anakaa kifua wazi, wenzake wanamcheka. Unaigawa kazi ya kifungo kimoja hatua kwa hatua: kushika upande huu, kushika kifungo, kukisimamisha, kukipenyeza nusu, kukivuta, na kadhalika. Wiki nzima ya kwanza humfundishi kitu. Unaandika tu kila siku ni hatua ngapi anafanya bila msaada. Huo ndio msingi wako. Kisha unaanza kufundisha, na unaanzia mwisho: wewe unafanya hatua zote, yeye anamalizia kuvuta. Kila mara anamaliza yeye. Kila mara kazi inaishia mkononi mwake, na anacheka. Akiiweza hiyo, unamwachia mbili za mwisho. Halafu tatu. Kila siku unaweka nukta kwenye grafu. Ukiacha kufundisha, unaendelea kuhesabu, uone kama ujuzi unabaki au unayeyuka. Kisha unarudia kwa zipu, au kwa mtoto wa pili, uone kama ni njia yako iliyofanya kazi au ni mtoto aliyekua tu.

Mwisho wa tasnifu hiyo kuna nini? Kuna mtoto aliyefunga shati. Niambieni tasnifu ya changamoto iliyofunga shati la mtu.

Mtahini atasema, sampuli ndogo. Najua, nimemsikia. Mtoto mmoja, watatu, si sampuli. Mwambieni hivi, kwa adabu: fani yetu ilianza na mtoto mmoja. Daktari Itard wa Paris alipompokea yule mvulana wa Aveyron, aliyekutwa akiishi peke yake msituni, aliandika taarifa mbili, ya 1801 na ya 1806, juu ya mtoto mmoja, na hadi leo zinasomwa. Tena katika njia hii kipimo hakikosekani: mtoto analinganishwa na yeye mwenyewe wa jana, siku baada ya siku, na nukta zote ziko hapo kwenye karatasi. Naam, karatasi. Sina ugomvi na karatasi ikishuka chini ya kidevu.

Na asije mtu akasema nimewakataza kusoma. Someni! Wakiacha kusoma walimu wa elimu maalum, watakuja kutusemea watu ambao hawajawahi kumbeba mtoto kumpeleka chooni. Ninachosema ni kwamba mnaposoma, msiachane na mtoto. Tafuteni kitengo karibu na chuo, nendeni kila Ijumaa, hata kama chuo hakijawaagiza. Mimi alama zangu zilirudi, zilichukua karibu mwaka mzima, na mwalimu wangu alikuwa yule binti wa darasa la sita. Tulikaa chini ya mwembe baada ya vipindi, ananirekebisha, ananipiga vidole nikikosea. Yeye hana cheti cha kufundisha watu wazima.

Naona mwenyekiti ananyanyua kikaratasi. Dakika tano. Kumbe karatasi inanifuata. Basi haraka haraka.

Kabla hujalipa ada, kiulize chuo mambo mawili: mafunzo kwa vitendo ni wiki ngapi, na msimamizi wangu mara ya mwisho kusimama mbele ya mtoto mwenye ulemavu ilikuwa lini. Wakikasirika, umejibiwa.

Walimu viziwi na wasioona mnaotaka uzamili, hili lingehitaji saa nzima. Kiziwi aulize nani anamlipa mkalimani, kwa semina na kwa vikao vya msimamizi pia, na apate jibu la maandishi. Asiyeona aulize vitabu vinakujaje. Makala iliyopigwa picha ukurasa kwa ukurasa, programu ya kusoma skrini haioni herufi, inaona picha tu, nawe unabaki unasikiliza ukimya. Kuna watu wameacha masomo ya elimu maalum kwa sababu chuo hakikuwapa huduma ya elimu maalum. Sicheki.

Waajiri, kama yupo hapa. Mwalimu akirudi na uzamili msimpeleke ofisini kusaini madokezo. Kitengo kimemsubiri. Angalau vipindi vichache kwa wiki, nawaomba.

Nilikuwa na hoja juu ya usonji na juu ya wazazi kama walimu wenza, mwenyekiti anatikisa kichwa, na nyusi zake zimeshuka, kwa hiyo hilo si swali.

Yupo mwalimu pale nyuma kabisa amenyoosha mkono muda mrefu. Njoo hapa mbele, ndugu yangu, usimame kwenye taa. Mkalimani hakuoni huko, na nami nataka nikuone uso.