Kijana wa Mikwaju 97 na Handikapu ya 22

Wazee wangu shikamooni, na nyinyi mliojiunga mwezi huu karibuni sana kwenye gofu.

Hapo nje kijana mmoja amenisimamisha. "Mwalimu, mikwaju kwenye kadi zangu inacheza kati ya 94 na 101, na uwanja wetu ni wa mikwaju 72. Wastani wangu ni kama 25 juu. Mbona handikapu yangu ni 22?"

Ameuliza vizuri. Handikapu, yaani mikwaju unayopunguziwa ili ushindane sawa na hodari, haipimi wastani wako. Tangu mwaka 2020 dunia inatumia mfumo mmoja: katika kadi zako 20 za mwisho zinachukuliwa 8 bora tu, ndizo zinazotafutiwa wastani. Namba hiyo inasema unachoweza ukiamka vizuri. Kwa hiyo usivunjike moyo ukishindwa kuifikia. Siku nyingi hutaifikia.

Na kadi hailetwi ghafi. Tuseme umepiga 94 kwenye uwanja ambao bingwa hutarajiwa kupiga 71, na ugumu wake kwa sisi wa kawaida ni 120. Toa 71, inabaki 23. Zidisha kwa 113, ambao ndio ugumu wa uwanja wa kawaida, gawanya kwa 120: unapata 21.7. Mikwaju ileile 94 kwenye uwanja mwepesi ingehesabiwa vibaya zaidi, na ni haki.

Sasa tazameni kadi mliyoshika. Pembeni ya kila shimo kuna namba, 1 mpaka 18. Hiyo ndiyo inayogawa mikwaju unayopunguziwa. Mwenye 22 anapewa mmoja kila shimo, inabaki minne. Hiyo inakwenda kwenye mashimo yenye namba 1 hadi 4. Basi chukueni shimo la mikwaju minne lenye namba 3. Umepiga 7. Ondoa miwili uliyopewa, neti yako, yaani inayobaki, ni 5, moja juu ya kiwango cha shimo. Kwa hesabu ya pointi aliyoibuni daktari Mwingereza Frank Stableford, hapo una pointi moja. Ungepiga 6 ungepata mbili, sawa na hodari asiyepewa kitu aliyepiga 4. Mimi hapo ndipo nilipoupenda mchezo huu: baba na mwanawe wanashindana kweli, hakuna anayemwachia mwenzake.

Na yule aliyekwama mchangani akapiga 11 shimo hilohilo? Kwa handikapu anaandikiwa 8, yaani kiwango cha 4, miwili ya juu, na miwili aliyopewa. Shimo moja haliruhusiwi kuharibu kadi nzima. Ndiyo maana naumia nikimwona mtu anakunja kadi mbaya anaitia mfukoni. Ukificha mbaya, namba yako inabaki ndogo kuliko uwezo wako na mashindano yatakuumiza. Ukificha nzuri, unamnyang'anya mwenzako ushindi.

Kadi za leo zote, hata ya aliyepiga 11, naziomba mezani kabla hamjaondoka, na sahihi ya aliyewahesabia iwepo.