Boksi lililotupwa: mhadhara kuhusu kinga ya joto ya filta ya hewa

Habari za asubuhi, vijana. Sogeeni mbele, huko nyuma jenereta haitawaacha mnisikie.

Hili boksi jeusi la plastiki nimeliokota nyuma ya gereji, kwenye rundo la mabampa yaliyovunjika. Ni nyumba ya ea klina, yaani filta ya hewa, ya gari la Toyota Altezza. Mwenye gari alilivua, akafunga filta ya koni, ile inayovuma ukikanyaga mafuta, akaondoka anacheka. Wiki mbili hazijaisha, karudi: "Fundi, mbona jioni kwenye foleni gari linakuwa zito?"

Jibu liko mikononi mwangu. Tazameni mdomo wa boksi. Ulikuwa unachungulia mbele, karibu na taa, ukivuta hewa ya nje. Koni yake imekaa wazi chini ya boneti, inavuta hewa iliyokwisha kupita kwenye rejeta na kuzunguka eksozi.

Tufanye hesabu kidogo, msikimbie. Injini ya lita 2 inajaza silinda zake zote mara moja kila mizunguko miwili. Ikiwa kwenye mizunguko 6,000 kwa dakika, mguu uko chini kabisa, inameza kama lita 6,000 za hewa kila dakika. Ni matenki mawili ya maji ya lita 3,000, yale meusi ya juu ya paa! Hewa iwe ya moto au ya baridi, ujazo ni uleule. Uzito ndio unaopungua. Mfaransa Gay-Lussac aliichapisha kanuni hii mwaka 1802: presha isipobadilika, hewa inatanuka kadiri inavyopata joto. Nje tuseme nyuzi 30. Ongeza 273 ili iwe kelvini, unapata 303. Chini ya boneti tuseme 60, unapata 333. Gawanya 303 kwa 333: asilimia 91. Tisa zimepotea kabla hata plagi haijapiga cheche. Kompyuta nayo ikisomewa na sensa kwamba hewa ni nyepesi, inapunguza petroli, na injini ikianza kugonga inachelewesha cheche. Ndiyo uzito aliousikia.

Kwa hiyo anayewauzia kinga ya joto, yaani ukuta wa kuitenga koni na joto la injini, kwa maneno ya "kuongeza nguvu" anatia chumvi. Inarudisha kilichopotea, basi.

Sasa kazi. Msianze na bati, anzeni na kadibodi. Kata, jaribu, kata tena, mpaka ikae kati ya koni na injini bila kulazimishwa. Ndipo uihamishie kwenye bati la alumini la milimita 1.5, ambalo mkasi wa bati unaliweza na mkono unalikunja kwenye ukingo wa meza. Kingo zote piga tupa, kisha vika raba ya mlango wa gari. Ya juu ndiyo muhimu zaidi, kwa sababu inaziba dhidi ya boneti. Ukiacha upenyo pale, hewa ya moto itapita juu ya ukuta wako kama mwizi. Kujua urefu sahihi, bandika vidonge vya udongo wa kuchezea watoto juu ya ukingo, funga boneti taratibu, fungua. Unene uliobaki wa kila kidonge ndio nafasi uliyonayo.

Upande wa eksozi uacheni unang'aa. Alumini inayong'aa inarudisha mnururisho wa joto. Ukilipaka jeusi kwa urembo, umelivalisha koti mchana wa Januari.

Halafu ukuta peke yake hautoshi. Lazima chumba hicho kipate hewa ya nje, kwa bomba kutoka kwenye grili au nyuma ya taa. Bila bomba umejenga jiko lenye mlango. Ila mdomo wa bomba usiuteremshe chini ya bampa. Mnaijua Jangwani, pale Dar es Salaam, mvua ikinyesha: barabara inajaa maji. Maji hayabanwi kama hewa. Yakiingia kwenye silinda, konrodi, ule mkono unaoshika pistoni, inapinda.

Mimi ya kwanza niliifunga vizuri, nikajisifu, nikasahau kwamba alumini inapitisha umeme. Kona yake ilikuwa kidole kimoja tu kutoka kwenye chanya ya betri. Kwenye tuta la kwanza, pwaa! Cheche, harufu, na kitundu cha ukubwa wa punje ya mahindi kwenye bati langu. Tangu siku hiyo chanya naivika kofia, na injini naiachia nafasi, maana inatikisika kwenye maunti zake.

Ndiyo, wewe wa ovaroli ya bluu? ... Anauliza kwa nini nisimrudishie tu boksi lake. Swali zuri. Kwa gari la kwendea kazini, ningerudisha leo hii, na nilimwambia hivyo. Hakutaka, anaupenda ule mvumo. Nimemtengenezea ukuta wa bati. Boksi nalitunza stoo, siku akitaka kuuza gari atakuja kuliulizia.