Handaki la Bigo na ng'ombe waliotupitia juu

ADELA: Ta Deo, Jumatano nilikuwa Sembabule, kule Uganda, nimesimama ndani ya handaki la Bigo bya Mugenyi, eneo la kale la mahandaki na matuta ya udongo, na mpira wa maji mkononi. Kundi zima la ng'ombe likashuka palepale nilipofunga kamba.

DEO: Ikapona?

ADELA: Ilikatika. Zile ni pembe ndefu za ng'ombe wa Ankole, Ta Deo. Ikabidi nianze upya.

DEO: Basi twende na mpango wetu. Leo ni mambo matatu: kupima handaki, kulinda tuta, na kumwongoza mgeni anayefika pale akaona nyasi tu. Anza na kupima.

ADELA: Piga vigingi viwili, kimoja kila upande, nje kabisa ya tuta. Jaza maji mpira unaoonyesha ndani, ule wa mafundi ujenzi, usawazishe alama kwenye vigingi vyote viwili, kisha ufunge kamba hapo. Kutoka kwenye kamba teremsha futi yenye timazi kila nusu mita, andika kina. Ukiunganisha zile nukta kwenye karatasi unapata umbo la handaki na tuta lake.

DEO: Wengi wanaharibu wapi?

ADELA: Kwanza viputo vya hewa. Kiputo kimoja tu kikibaki ndani ya mpira, usawa umeharibika. Usiondoke mpaka umekitoa. Halafu kamba kulegea. Ikizidi mita nane hivi, weka nguzo katikati. Na kubwa kuliko yote ni kukata handaki kimshazari. Ukipotoka nyuzi 30, upana wa mita 10 utausoma kama mita 11 na nusu, na hakuna atakayekushtua kwa sababu kwenye daftari unaonekana safi.

DEO: Na kina unachokipima si kina walichochimba.

ADELA: Hapo ndipo watu wanadanganyika. Mvua imeshusha udongo karne kadhaa, sehemu ya chini imejaa. Unaona umbo la sahani, kumbe chini yake kuna V. Kujua ukweli ni kuchimba mtaro wa utafiti, na hiyo ni kazi ya wataalamu wenye kibali. Mwanaakiolojia Shinnie alichimba pale mwaka 1957, mwenzake Posnansky akafuata mwaka 1960. Kuna sehemu zinafika mita nne na zaidi, zimekatwa mpaka ndani ya mwamba.

DEO: Na mahandaki yote kwa jumla yanapita kilomita 10. Hebu tufanye hesabu. Upana mita saba juu, kina mita nne, umbo la V: ni meta za ujazo 14 kwa kila mita moja ya urefu. Kilomita 10, elfu 140.

ADELA: Hicho ni kiwango cha juu, maana si kote kuna kina hicho.

DEO: Sawa. Mtu mmoja akitoa meta mbili kwa siku, na kuzipandisha juu, ni siku-kazi elfu 70. Watu 500, siku 140. Nani anafanya hivyo kwa ajili ya ng'ombe? Hiyo ni ngome, Ma Adela. Iko kwenye kivuko cha Katonga, mto na matete yake ndio ukuta wa upande wa kaskazini.

ADELA: Ngome ya kilomita 10 inalindwa na nani? Mlinzi mmoja kila mita tano, unahitaji watu 2,000 kwa zamu moja. Nenda Ntusi, makazi ya kale jirani pale: mafungu ya taka yamejaa mifupa ya ng'ombe. Hawa walikuwa watu wa mifugo. Handaki linatenga malisho, linazuia kundi lisipotee.

DEO: Ng'ombe anazuiwa na mtaro wa mita moja na nusu na uzio wa miiba. Hukati mwamba kwa sababu ya ndama. Na mlinzi kila mita tano hahitajiki. Mvamizi anaweza kuingia. Shida yake ni kutoka na ng'ombe 300. Ng'ombe hashuki kwenye V ya mita nne usiku.

ADELA: Umesema mwenyewe: ng'ombe.

DEO: Nimesema vita juu ya ng'ombe.

ADELA: Basi hukusikia hoja yangu. Hata ule mwamba, mimi nauona ni mfalme akionyesha uwezo wake. Posnansky mwenyewe aliufananisha uzio wa katikati na orurembo, boma la kifalme la ufalme wa Nkore. Boma lina ng'ombe ndani.

DEO: Boma lina mfalme ndani, na mfalme ana maadui. Sikubali.

ADELA: Nami sikubali. Turudi kwenye njia za ng'ombe, maana hapo tuta linakufa. Wakipita mahali pamoja, kwato zinakata nyasi, mvua moja inafanya mfereji, ya pili inafanya korongo. Ziba kwa matawi ya miiba, na papo hapo wape wafugaji kivuko kingine kilichotandikwa mawe. Ukiziba bila kuwapa njia, watafungua hatua tatu mbele. Udongo wa kujazia utoke mbali, kamwe usiparue tuta lenyewe. Nyasi zipandwe kabla ya masika.

DEO: Na usiwafukuze ng'ombe kabisa. Wakiondoka vichaka vinakuja, mizizi inapasua tabaka za udongo, mti ukianguka unang'oa kipande kizima cha tuta.

ADELA: Haswa. Chumvi na maji viwekwe mbali na tuta, ndivyo vinavyowakusanya. Na muhanga...

DEO: Ma Adela, dakika moja imebaki.

ADELA: Lo! Muhanga hatumfikii, wala mgeni. Kwa leo mwambieni tu aende asubuhi jua likiwa chini; saa sita mchana kivuli kinakwisha na tuta linapotea machoni.

DEO: Nitumie ile michoro yako usiku huu. Nataka kuona ukingo upi ni mkali zaidi, wa nje au wa ndani.